Mashine Isiyozinduliwa

Mpaka leo nikiona utepe mwekundu napandwa na hasira. Muhula mzima kompyuta kumi na mbili, nilizoziunganisha kwa mikono yangu wakati wa likizo ziwe mashine moja, zilikaa kwenye chumba kilichofungwa, zimefunikwa nailoni, zikimsubiri mgeni rasmi aje azizindue. Utepe ulishafungwa mlangoni. Wanafunzi wangu ishirini na watatu wa mwaka wa tatu walikuwa wanasoma ukokotoaji sambamba, yaani namna ya kuigawa kazi moja kubwa ili kompyuta nyingi ziifanye kwa pamoja. Walikuwa wanausoma ubaoni. Kwa chaki.

Wiki ya tatu nilikwenda kwa mkuu wa idara.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti. Ni lile la funguo tena?"

"Wanafunzi wana kazi ya vitendo. Inatakiwa ikusanywe Ijumaa ya wiki ya kumi na nne."

"Mgeni akishafungua, wataingia."

"Na akichelewa?"

"Hachelewi. Sasa unataka nimwonyeshe kitu kilichokwisha tumika? Tumwite mheshimiwa aje kuzindua mtumba?"

Akacheka mwenyewe. Katibu muhtasi naye akacheka. Na mimi nikacheka, na hicho ndicho kinachoniudhi zaidi nikikumbuka. Nilicheka, nikaaga, nikarudi darasani kuchora kompyuta ubaoni kama mtu anayefundisha kuogelea kwenye zulia.

Mgeni aliahirisha. Akapanga tarehe nyingine, akaahirisha tena. Kila tarehe ilipokaribia, mhudumu alitumwa kupangusa mlango na kuunyoosha utepe. Mlango tu. Ndani hakuna aliyeingia.

Sasa niseme nilichokuwa nakificha. Siku nilipoziunganisha zile mashine niliacha njia ya kuziingia kwa mtandao. Kila mchana baada ya kipindi nilikaa ofisini na laptopu yangu, dirisha likitazama milima ya Uluguru, nikaziendesha. Nilizirekebisha, nikazijaribu, nikazirekebisha tena. Wanafunzi wangu walikuwa chini, kwenye jengo hilo hilo, wakiandika programu kwenye karatasi, na mimi nilikuwa nazisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Nilijiambia naheshimu amri ya mkuu. Uongo mtupu. Somo hili sikufundishwa na mtu. Shahada yangu ni ya ualimu wa hisabati. Haya mengine niliyaokota mwenyewe kwenye intaneti, bando likiisha nasubiri mshahara. Kila niliposimama mbele ya darasa niliogopa swali moja, lile ambalo lingeonyesha kwamba najua nusu. Mashine ile ndiyo ilikuwa kitu pekee maishani mwangu nilichokiona kimekamilika. Sikutaka mtu aingie na makosa yake akakichafua.

Jumatano ya wiki ya kumi na tatu aligonga mlango wangu binti mmoja wa Mgeta. Kwao wanalima kabichi na karoti za kupeleka Dar, na kazi yake ya vitendo ilihusu mvua. Alikuwa amekusanya vipimo vya kila siku vya miaka mingi kutoka vituo vya milimani, ili atafute ni mvua za namna gani zinazokata barabara hadi malori ya mboga yakashindwa kushuka. Nyuma yake walisimama wenzake wawili.

"Madam, mle ndani mnavuma."

"Ndani wapi?"

"Chumba cha mgeni rasmi. Tumekaa koridoni tunasikia mafeni. Mgeni hajaja, mlango umefungwa, mashine zinafanya kazi. Tumeanza kusema kuna jini."

Wenzake wakaangua kicheko. Laptopu yangu ilikuwa wazi mezani, namba zinapita.

"Jini ni mimi," nikasema.

Akaitazama laptopu, akanitazama. Hakucheka.

"Basi tugawie na sisi, Madam. Imebaki wiki moja."

Jioni ile ile niliwapa wote nywila ya kuziingia mashine kwa mtandao. Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, kila programu ilikuwa imekwama. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna jibu, kimya. Nikamwita yule binti na hasira zangu zote.

"Umefanya nini? Si niliwaambia msome maelezo kwanza?"

Akafungua daftari lake mbele yangu. "Nimenakili ulichoandika ubaoni, Madam. Mstari kwa mstari."

Nikasoma. Katika mfano wangu kila kompyuta ilituma kwanza fungu lake la namba kwa jirani, kisha ndiyo ipokee. Fungu likiwa dogo hilo linapita, kwa sababu lina pa kuhifadhiwa njiani. Likiwa kubwa, mtumaji anasimama mpaka jirani apokee, na jirani naye amesimama akisubiri wa kwake apokee. Zote kumi na mbili zinangojana mpaka umeme ukatike. Mimi nilikuwa nimejaribu kwa namba kumi kumi, kwa kuionea huruma mashine. Yeye alileta mvua ya miaka mingi. Kwenye karatasi zao zote ishirini na tatu kosa lile nilikuwa nimelipigia tiki.

Nikaenda darasani. "Kosa ni langu," nikasema. Maneno matatu tu.

Kijana mmoja nyuma akauliza, "Kwa hiyo zile tiki, Madam, tunakurudishia?"

Darasa likacheka, na ajabu nikaweza kupumua. Tukasahihisha pamoja: kompyuta zenye namba shufwa zitume kwanza, za witiri zipokee kwanza, kisha zibadilishane. Tukapanga foleni ya zamu. Kuanzia siku hiyo mafeni hayakunyamaza.

Ijumaa ya mwisho, saa nane mchana, mkuu wa idara alipita koridoni akayasikia. Akatukuta tumejazana kwenye chumba cha jirani, tumeizunguka laptopu yangu.

"Nani kawasha?"

"Mimi, Dokta. Shikamoo."

"Kwa ruhusa ya nani?" Salamu hakuiitikia. "Zima. Sasa hivi, binti."

Zilikuwa zimebaki kazi nne, ikiwemo ile ya mvua. Sijawahi kumjibu mtu mzima vibaya, kwetu hatukulelewa hivyo. "Zimebaki nne," nikasema. "Zikiisha nitazima."

Alitoa funguo mfukoni akaenda mlangoni. Swichi ya umeme ilikuwa ndani. Utepe ulikuwa umekatiza mlango usawa wa kifua chake. Angeweza kuukata, lakini ulikuwa wa mgeni. Angeweza kuinama akapita chini yake, lakini wanafunzi walikuwa wamejaa koridoni wakimtazama. Alirudisha funguo mfukoni, akarudi ofisini kwake. Saa kumi na nusu majibu ya mvua yalitoka. Nikapokea kazi zote ishirini na tatu, nikazisahihisha Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi nikawasilisha alama.

Jumatatu hiyo hiyo mchana nilipewa barua ya kujieleza. Ilisema mtambo umetumika kabla ya kuzinduliwa, na kwamba idara inafikiria kufuta alama zote za vitendo.

Rasimu ya kwanza ya majibu yangu ilianza na "Naomba radhi." Nikaichana. Ya pili nayo ikaanza hivyo hivyo. Nilikaa mezani mpaka hasira ikanishinda woga, nikaandika kwa mkupuo mmoja. Wanafunzi hawakuvunja amri yoyote, mimi ndiye niliyewafungulia njia. Programu ya mfano ilikuwa na kosa, ni langu, na wao ndio waliolifichua kwa kuitumia mashine. Alama zao ni halali. Kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi, na kosa langu ni kuwanyima wiki kumi na tatu kitu kilichonunuliwa kwa ajili yao.

Sikuisoma mara ya pili. Niliikunja, nikashuka ngazi, nikaisimamia mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa.