Mkono wa Kushoto wa Tolliver

Simu ililia Jumanne asubuhi, siku ambayo timu za futiboli ya Kimarekani huwaita watu wasio na timu kuwajaribu. Dale Nowicki alikuwa nyuma ya nyumba yake huko Ohio, anakusanya majani makavu kwa reki. Wakala wake hakupoteza maneno. Timu ya Wachimba Chumvi inamtaka, ndege ni saa nane mchana, mkataba ni wa wiki moja na wakiridhika wataongeza.

"Jumapili wanacheza na nani?" Dale aliuliza.

"Usijifanye hujui," wakala alisema.

Walikuwa wanacheza na timu ya Korongo. Dale alikuwa amekaa na Korongo misimu minne, mpaka mwishoni mwa Agosti walipomwita ofisini, wakamnyang'anya tableti yenye mbinu za timu na kumpa mkono wa kwaheri.

Kwotabeki ndiye anayepanga mchezo na kuurusha mpira, na kila timu ina mmoja ambaye sura yake iko kwenye mabango ya barabarani. Dale hakuwahi kuwa huyo. Alikuwa wa pili, mara nyingine wa tatu, mtu wa kusimama pembeni na kofia kichwani akingoja mwenzake aumie, huku akiomba asiumie. Miaka kumi na miwili, timu saba. Alijua kukodi nyumba bila kutundika picha hata moja ukutani. Alipoachwa na timu ya kwanza alikaa ndani ya gari kwenye maegesho akalia hadi vioo vikaingia ukungu. Alipoachwa na ya tatu hakulia. Alipoachwa na ya tano alisimama njiani, akanunua sandwichi ya nyama, akaila yote. Watu walisema amekomaa, naye akakubali, kwa kuwa hakuwa na jina lingine la kuliita jambo hilo.

Mkewe Corinne alisimama mlangoni akimtazama anavyofunga begi.

"Wanakutaka wewe, au wanataka kilichomo kichwani mwako?"

"Kichwa ni changu."

"Sawa. Ila ukirudi nacho, uniambie kimebaki na nini."

Katika kazi hiyo jambo lenyewe ni la kawaida. Timu ikikaribia kucheza na mpinzani, humtafuta mtu aliyetupwa na mpinzani huyo, humpa mkataba wa wiki, na kumkamua kila anachokijua. Hakuna anayeliita dhambi. Timu iliyomtupa nayo inajua, kwa hiyo hubadili ishara zake zote kabla ya Jumapili. Kila mtu anamdanganya mwenzake kidogo, na kila mtu analala.

Wachimba Chumvi hawakumwomba hata arushe mpira. Jumatano walimpa fulana na kabati la nguo karibu na choo, na mchezaji mmoja kijana wa safu ya ulinzi, mwenye kilo mia na arobaini, akamkaribisha kwa kuuliza kama babu amekuja na fimbo yake au ameisahau kwenye ndege. Dale alicheka panapopaswa kuchekwa. Kisha wakampeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa Pruitt, kocha wa ulinzi, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

Kwa saa mbili Dale alimwaga aliyokuwa nayo: maneno ya siri, rangi, namba, kocha wao akigusa sikio maana yake nini. Pruitt aliandika machache, halafu akaweka kalamu chini.

"Hizi wameshazibadilisha, mzee wangu. Wangekuwa wajinga kama wasingezibadilisha." Akamsogezea kikombe cha kahawa. "Nipe kitu wasichoweza kukibadilisha."

Dale alijua kitu cha namna hiyo, na alikijua yeye peke yake.

Senta wa Korongo aliitwa Lucien Tolliver, mtu wa Louisiana. Senta ndiye anayeinama juu ya mpira na kuupitisha kati ya miguu yake kwenda kwa kwotabeki. Mpaka mpira utoke, mlinzi haruhusiwi kuvuka mstari. Akivuka mapema ni kosa. Kwa hiyo mlinzi anayejua ni nukta gani mpira utatoka anapata nusu hatua, na nusu hatua kwenye mchezo ule inatosha kumvunja mtu. Ugenini, mashabiki wanapopiga kelele hadi sauti haisikiki, senta huutoa mpira kimyakimya kwa hesabu yake mwenyewe. Tolliver alisifiwa kwa hilo. Alikuwa anatulia kama jiwe.

Ila mkono wake wa kushoto ulikuwa ukimsaliti. Ulikuwa juu ya goti, vidole vimenyooka, na kabla tu ya mpira kutoka dole gumba lilikuwa linajikunja ndani. Dale alikuwa amesimama nyuma yake mazoezini maelfu ya mara, akaliona. Hakumwambia, kwa sababu lilimfaa: alijua mpira unakuja lini.

Na Tolliver hakuwa mtu wa kukutana naye kazini tu. Baba yake Dale alipofariki, Tolliver aliendesha gari kwa muda wa saa sita akiwa na sufuria ya mchuzi wa bamia na kamba aliyoipika mama yake, ameifunga mkanda wa kiti kama abiria. Alibeba jeneza pamoja na wajomba. Msimu huu alikuwa na miaka thelathini na tatu, magoti yamechoka, na nyuma yake Korongo walikuwa wamemleta kijana wa kuichukua nafasi yake. Tolliver alimwambia hayo kwenye simu mwezi wa tisa, kwamba mchezo mmoja mbaya tu utatosha kumwondoa.

Ishara za timu ni mali ya timu, na timu ilikuwa imemtupa. Dole gumba la Tolliver halikuwamo kwenye mbinu za mtu yeyote. Tofauti hiyo Dale aliiona wazi, na yeyote atakayesema hakuiona anamtetea bure. Alikunywa kahawa nusu kikombe. Alingoja moyo wake ukatae. Haukukataa, haukukubali. Akasema.

Pruitt akaiandika kwa herufi kubwa na kumshukuru.

Jumapili uwanja wa Wachimba Chumvi ulijaa watu elfu sitini na kelele zao. Dale alisimama pembeni na kofia na tableti. Mara ya kwanza Korongo waliposhika mpira, yule mlinzi wa kilo mia na arobaini aliruka wakati uleule mpira ulipotoka, akampita Tolliver kabla hajanyanyua kichwa, akamzika kwotabeki wao kwenye nyasi. Tolliver akatazama nyuma, akatazama mikono yake. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mara ya tatu Tolliver aliharakisha, mpira ukaenda juu ukapotea. Kwenye robo ya pili kwotabeki wa Korongo, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alitolewa ameshika bega. Robo ya tatu ilipoanza, kijana wa akiba ndiye aliyekuwa ameinama juu ya mpira, na Tolliver alikuwa benchi na taulo kichwani.

Wachimba Chumvi walishinda kwa kishindo. Mmoja wao akampiga Dale mgongoni akamwambia, "Babu, kumbe fimbo ulikuja nayo."

Baada ya mchezo wachezaji wa pande zote huingia katikati ya uwanja kusalimiana, waliokuwa wakiumizana sasa wakiulizana habari za watoto. Dale angeweza kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alisimama, na Tolliver akamjia akamkumbatia, jezi yake imelowa.

"Ndugu yangu," Tolliver alisema sikioni mwake, "leo nimekwisha. Walikuwa wananisoma kama gazeti. Wewe umesimama nyuma yangu miaka minne, hakuna anayenijua zaidi yako. Nifanyie hisani. Ninafanya nini?"

Hakuwa anamshuku. Hilo lilikuwa wazi usoni mwake. Ilitosha Dale kusema hajui, wakaagana, na urafiki ungeendelea kuwa urafiki, kwa nje. Lakini akinyamaza, Tolliver angeingia Jumapili ijayo, kama angeingia, na dole lilelile. Ukweli ndio ungemwokoa, na bei yake angeilipa Dale peke yake.

"Dole gumba la kushoto," Dale alisema. "Linajikunja kabla mpira haujatoka. Kunja mkono ngumi kabisa, tangu mwanzo."

Tolliver aliuinua mkono akautazama. Akaukunja, akaukunjua. Kisha akatulia kama anavyotulia juu ya mpira.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu msimu wa kwanza."

"Na wao wamejua lini?"

"Jumatano."

Mpiga picha alipita kati yao, wakampisha. Tolliver akatikisa kichwa polepole, mara mbili.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema, bila kejeli yoyote. "Usinipigie tena, Dale." Akaondoka kuelekea kwa wenzake, anachechemea mguu wa kulia.

Jumatatu saa tatu Dale aliambiwa kocha anamhitaji na aje na tableti. Wiki ilikuwa imetosha. Jioni alikuwa jikoni kwake, na Corinne alipouliza, alimweleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa: chumba, kahawa, dole, benchi, maneno ya Tolliver.

Corinne alizima jiko akakaa.

"Na alipokuambia usimpigie, ulijisikiaje?"

Dale alitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mifuko yote ya koti.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nasubiri."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Kuumia."

Alimtazama mkewe usoni, akaona yeye ndiye anayelia, akanyoosha mkono kumpa kitambaa cha mezani.