Siku Shefu Alipolipua Theluji

Sikilizeni, wanangu mnaotaka kazi ya barafu, nitawaeleza polepole.

Siku yangu ya kwanza kwenye nyumba ya barafu ya Nchelenge, kando ya ziwa, miaka ya sabini, nilikuta theluji. Mashine ilikwangua barafu ikawa laini kama unga wa muhogo, nasi tukaiita hivyo. Ulaini wake ni hewa iliyo kati ya chembe. Umeme ukikatika, inalowa. Ukirudi, inashikana kama mwamba. Asubuhi ile ilikuwa mwamba.

Nje, Mama Chola, mchuuzi wa kijiji cha Kabuta, alisimama na vikapu vyake vya samaki. Dereva wa lori la kwenda Kopabeliti, kwenye miji ya migodi ya shaba, hapakii samaki bila barafu, na injini ilikuwa inanguruma.

"Ba Meneja, samaki yangu itaoza! Munangoja nini?"

Meneja wetu, tuliyemwita "Ba" kwa heshima, akamtazama Shefu wa Mashine, yaani mkuu wa mitambo, mtu wa ng'ambo ya ziwa, aliyewahi kupasua miamba migodini Katanga.

"Baruti kidogo tu," Shefu akasema. "Jiwe itafunguka."

"Shefu, hii si jiwe," Meneja akasema.

"Ni jiwe ya baridi!"

Akatoboa tundu, akatia baruti, akawasha utambi. Tukakimbia wote, isipokuwa Meneja. Kanuni yake ilikuwa kwamba mlango wa chumba cha baridi hauachwi wazi, basi akabaki akiusukuma ufungike.

Sasa, mlipuko hufanya nini? Karibu na tundu ulikamua hewa yote; chembe zikashikana, ikawa ngumu kuliko mwanzo. Mbali kidogo, ulitia nyufa tu. Lakini mabonge ya juu uliyasaga upya, ukayarusha mlangoni hadi nje kama vumbi. Meneja akaanguka chali, mweupe toka nywele hadi viatu.

"Mayo!" Mama Chola akapiga makofi. "Ba Meneja, leo muko muzungu kabisa!"

Vikapu vyake navyo vilikuwa vyeupe. Akaanza kuishindilia theluji kwa viganja vyote viwili.

"Acha, Mama!" Shefu akapaza sauti. "Ukikandamiza, itakuwa jiwe, itaponda samaki!"

"Weye unalipua nyumba, halafu unanifundisha?"

Hata hivyo akailegeza. Dereva akachomeka mkono kapuni, akauchomoa haraka, akipuliza vidole. "Pakieni!"

Meneja akainuka akijikung'uta. "Shefu, baruti iliyobaki utairudisha kwenu. Leo."

Nimestaafu baada ya mameneja wengi na mashine nyingi. Wote walibadilika, theluji, hapana. Ipige kwa baruti au kwa kiganja, hewa inatoka, inakuwa ngumu. Kwa hiyo ukipakia samaki, mwaga barafu chini, laza samaki, mwaga nyingine juu, kisha ondoa mikono yako.