Shikamoo Iliyobaki Kwenye Kanda

Enzi zetu Myamba, kijijini kwetu mlimani, kuchanganya muziki kulikuwa kazi ya miguu. Vijana wa leo wana kompyuta na bado wananuna eti vyombo havitoshi. Sisi tulikuwa na redio kaseti moja, ya zile zilizojaa sokoni Same biashara ya nje ilipofunguliwa, na betri tulizozianika juani zipate nguvu. Kaka Elisante, fundi wetu, alipanga sauti kwa kusogeza watu. Dada Nakijwa mwenye sauti nyembamba aliketi pua ikikaribia kugusa redio. Debe, ndiyo ngoma yetu, lilipigiwa jikoni. Mimi mwenye koo kama honi ya basi nilitupwa nje, mgombani.

"Ukisogea utakula makofi," aliniambia.

Niliimba nimevimba kwa hasira, ila niliimba. Haukuwa mchezo. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mkonge huko tambarare, akaona aibu kupanda mlimani mikono mitupu. Barua za Mama hakuzijibu. Tulitaka kumpelekea wimbo ule kwenye kanda, umrudishe.

Katikati ya kiitikio akapita babu jirani na mzigo wake wa tangawizi. Ningefanyaje? Kwetu mtoto aliyempita mzee kimya alichapwa na yeyote aliyekuwa karibu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Baba yako karudi?"

"Bado, babu. Mama anamwekea chakula kila siku."

Yote yakaingia kwenye kanda. Elisante alinikimbiza mpaka mtoni, na aliporudi kurekodi upya akakuta betri zimekufa. Mama akasema, "Ipelekeni hivyo hivyo." Konda wa basi akaichukua.

Baba alifika kabla tangawizi haijaisha shambani. Alikula kwanza. Kisha akamwambia Elisante, "Mmeimba vizuri. Lakini kilichonipandisha mlima ni hiki chakula."

Juzi, tukitaka kurekodi wimbo mwingine, kaka huyo huyo, na kompyuta yake ya mtumba, ananiambia nimtoe nje mwanangu ninayemnyonyesha, eti anamharibia sauti. Nikamjibu, mgombani sirudi tena. Siku hizi kila kelele inafutwa. Nyimbo zinatoka safi, na hujui zimeimbwa nyumba ya nani. Nikavuta kigoda mpaka kwenye maikrofoni, nikampakata mwanangu.

"Akilia je?" akauliza.

"Akilia, atalia ndani ya wimbo. Washa."