Mtundu ni Yupi?

Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani Gongoni. Kwa hiyo nilisoma habari nyingi zisizo na mwisho, na hadi leo sentensi isiyokamilika hunikosesha usingizi. Ndivyo nilivyo. Nikifunga kamba ya kiatu, naifungua nione kama niliifunga vizuri.

Nilipotimiza miaka kumi na sita, mwalimu wa shule ya misheni aliniambia niwe nikiwapeleka watoto wa darasa la pili porini kila Jumamosi, wakajifunze miti. "Wakiijua kabla ya kufunga shule," alisema, "mwakani nawe utaingia darasani." Sikuwa nimewahi kukalia dawati. Ijumaa nilikwenda porini peke yangu, nikafagia njia. Nilifagia pori, jamani, kwa ufagio.

Watoto wote waliniita kaka, isipokuwa binti mmoja wa Kizaramo, mtoto wa fundi wa reli. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo: watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipobeba pembe kwenda pwani. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia, aibu ni yako.

"Mbona hunipi shikamoo?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Nishike miguu ya mpagazi? Ina vumbi la Ujiji hiyo! Haya, mpagazi wangu, beba."

Akanitwika kikapu chake. Wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Nilikibeba kila Jumamosi, huku nikiwafundisha: huu mninga, ukiuchubua unatoa utomvu mwekundu kama damu, huu myombo, gome lake linatoa kamba, huu mtundu, nyuki wanaupenda. Kila nikitaja mtundu, watoto walimgeukia yule binti, naye aliinama kama bibi harusi anayetunzwa. Niliwakataza. Nikikataza, wanazidi.

Siku ya mtihani mwalimu alikuja nasi porini na kofia yake ya jua. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, nilikuwa nikijiuliza maswali na kujisahihisha.

"Haya," mwalimu alisema, "nionyesheni mtundu."

Vidole vyote vikamwelekea binti.

Dawati langu hilo, linakwenda. Mwalimu alinitazama. "Ndivyo ulivyowafundisha?"

Kabla sijafungua mdomo, binti akadakia: "Mwalimu, mimi bado mche. Mtundu mkubwa ni huyu mpagazi wangu. Tazama urefu wote huo, na hana hata kivuli!"

Nilikuwa nimejiandalia majibu ya kila swali, hili halikuwamo. Kukasirika siwezi. Kunyamaza ni kushindwa. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Usimsikilize, mwalimu. Mti huu si wa huku. Uliletwa na gari moshi kutoka pwani, ukakataa kushika mizizi, sasa unapiga kelele tu bila hata upepo."

Mwalimu akavua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakatetemeka. Alipoweza kusema, alimuuliza binti, "Na ule wa porini?"

Alikwenda moja kwa moja akaupiga kofi mtundu. "Huu. Ule pale myombo, kamba zake ndizo walizofungia mizigo babu zake huyu. Na ule mninga, unalia damu kama Mnyamwezi akiambiwa abebe."

Wenzake nao waliulizwa mmoja mmoja. Hakuna aliyekosea, ila kila mti ulikuja na tusi juu yangu. Yale maelezo yangu niliyoyapanga vizuri, hakuna hata mmoja aliyeyasema kama nilivyoyafundisha.

"Januari uje," mwalimu aliniambia.

"Darasa la ngapi, mwalimu?"

"La tatu, na hawa. Nafasi imebaki moja, dawati la mbele." Akamtazama binti. "Utakaa na huyu."

Sikujua nishukuru au nilie. Binti alikuwa ameshaniwekea kikapu miguuni.

"Uje na kalamu mbili, mpagazi," alisema. "Moja yangu. Nawe ujifunze kuketi wima, usiniaibishe."