Lori la vita tulilotoa Karurumo na kuku akiwa ndani, amelalia mayai

Wakuu, salamu kutoka Majengo, Meru.

Nimepita miaka tisini na huu uzi naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, bila miwani. Sawa, na miwani. Hapo ndipo nimewadanganya, na sitarudia hadi mwisho.

Juzi nimeona vijana humu wakijisifu kwamba wanakusanya magari ya zamani ya jeshi. Mnaagiza kwa simu, yanakuja yameoshwa. Hongereni. Sasa tulieni niwaambie sisi tuliyatoa wapi.

Ilikuwa miaka ya Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni. Ami yangu Salim alikuwa akisafirisha mahindi hapa Meru. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa dereva wa jeshi, akafika mpaka Abisinia, na akarudi na ugonjwa mmoja: akisikia kuna lori la jeshi limekufa mahali, halali mpaka alipate. Alikuwa nayo matatu nyuma ya nyumba. Mke wake alianika nguo juu yake.

La nne alilitaka kuliko yote. Lile la pua fupi, lililotengenezwa Canada, na kibati cha namba ya jeshi bado kiko ndani ya kebini. Lilikuwa Karurumo, upande wa Embu, limezama kwa tope kando ya mto. Mfanyabiashara aliyelinunua baada ya vita alishindwa kulitoa, akamwachia ami karatasi za umiliki.

Shida ni kuwa siku hizo hujiendei tu. Kuvuka kutoka Meru kwenda Embu ni pasi, kibali cha serikali. Vijiji vilikuwa vimezungushiwa mitaro, watu wanatoka asubuhi kwenda shamba na jioni wanarudishwa ndani. Ami alihangaika ofisini mpaka akapewa pasi ya siku nne, ya watu wawili, yeye na mimi. Headman, yaani mkuu wa kijiji cha kule, akaarifiwa wiki moja mapema kwamba tunakuja.

Siku nne, wakuu. Zikipita, hakuna nyingine.

Tulifika na lori la kuvuta, cheni na majembe. Pale mtoni palikuwa na shamba la nduma, yaani magimbi, la mama mmoja mzee, Cucu Igoki; cucu kwao ni bibi. Nduma zilikuwa zimezunguka lori mpaka milangoni, na yeye ameketi kwa ngazi ya kebini.

"Gari haitoki," akasema. "Kuku yangu inalalia mayai ndani."

Ami alicheka. Cucu hakucheka.

Nikachungulia. Kwenye kiti cha abiria, juu ya majani makavu ya ndizi, kuku mwekundu amejitandaza na ananiangalia vibaya. Cucu alifugia kuku mle kwa sababu milango ni ya chuma na nguchiro hapiti. Akasema mayai ni kumi na tatu na yamebakisha karibu wiki mbili.

Ami akataka tuyahamishe kwa kikapu.

"Ukimtoa atasusa. Wewe umefuga nini kwenu?"

Waliofuga kuku humu wanajua hakusema uongo.

Tukaanza kuchimba huku tukitafuta akili. Cucu akaniuliza mimi ni wa wapi hasa. Nikamwambia Majengo. Akasimama.

Kumbe binti yake Wanja ameolewa na fundi cherehani, mtu wa huko huko Embu, anayeshona karibu na sokoni kwetu. Nilimjua, alinishonea kanzu ya Idi. Wanja alikuwa amejifungua msichana wa pili, na kwa desturi yao msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama. Kwa hivyo Meru kulikuwa na Igoki wa miezi minane, na Igoki huyu mkubwa hajamgusa hata kidole. Ameomba pasi mara tatu. Mara tatu ameambiwa kusalimia mtoto si sababu.

"Huko kuna mimi," akaniambia, "na mimi sijaniona."

Nilimhurumia sana, lakini pasi yetu ilisema watu wawili.

Siku ya pili na ya tatu zilikuwa raha tupu, sifichi. Cucu alivuna nduma zake, akachemsha sufuria kubwa, akaita wanawake wa mashamba ya jirani. Tukapanga migomba chini ya magurudumu, wakashika kamba, wakaimba. Watu waliokuwa wanahesabiwa jioni kama mbuzi, wakiimba mchana ule kama harusi! Lori likatoka kwa mlio wa tope ambao bado nausikia. Kuku hakuinuka.

Siku ya nne asubuhi, ami akafunga cheni. Cucu akaenda kusimama mbele ya bampa.

"Kuku yangu haiendi na wanaume wawili. Nani atamjua akikataa maji? Niandikeni mimi pia."

Ami alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Mwisho tukaenda wote kwa D.O., ofisa wa wilaya, mzungu kijana aliyekuwa kambini karibu hapo. Aliuliza mara tatu kama amesikia vizuri. Akaja mwenyewe, akaingiza mkono kwenye kebini, kuku akamdonoa. Alicheka mpaka akaegemea lori. Akaandika: mwanamke mmoja, kuku mmoja, mpaka mayai yaanguliwe.

Basi tukavutwa. Ami mbele, mimi kwenye usukani wa lori bovu, nimekalia karai, kuku kando yangu. Cucu nyuma kwenye bodi na fimbo. Tukienda mbio anagonga paa la kebini. Mteremko wa mto Thuci aligonga mpaka paa likabonyea.

Tulifika Majengo jua likiwa bado juu. Wanja alikuwa mlangoni pa duka na mtoto mgongoni. Cucu alishuka na tope lake lote, akanyoosha mikono. Mtoto akamshika sikio, akacheka. Mimi nilijifanya naangalia cheni.

Vifaranga kumi na mmoja walitoka, ndani ya lori, kwenye uwanja wa ami. Cucu alikuwa amekaa na mjukuu wake siku kumi na moja kamili.

Siku ya kumrudisha, ami akamwambia, "Cucu, huyo kuku alikutafutia bahati."

"Bahati gani? Headman aliposema watu wa Meru wanakuja kuchukua gari, nilimwekea mayai mle jioni ile ile."

Ami alikaa chini kwenye ngazi ya lori, akacheka mpaka akaomba maji.

Hilo lori liko kwangu leo. Wazungu wawili wameliulizia, nikakataa. Igoki mdogo sasa naye ni cucu, na kila mwaka huja kuangalia paa lililobonyea, anapapasa pale fimbo ilipogonga.

Nilichojifunza: kabla ya kufunga cheni, muulize mwenye shamba anataka kwenda wapi.

Haya, kama kwenu kuna chuma cha vita kimelala shambani, kitajeni hapa na mseme kilifikaje. Na mchungulie kwanza kwenye kiti.