Mama Yake Kipunda Yuko Wapi?

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, nimeachika zamani, na sijawahi kumlaza mtoto hata mmoja, siku shemeji yangu aliponiletea binti yake. Mdogo wangu wa pekee alikuwa amefariki wiki sita nyuma huko Usinge, alikokuwa akifundisha shule ya msingi. Aliugua siku nne tu. Mimi nilifika nikakuta wameshazika, nikaonyeshwa udongo mbichi na ndoo iliyosahauliwa pembeni.

Shemeji alikuwa askari wa misitu. Kazi yake ilimweka porini siku tatu, nne mfululizo. Aliteremka kwenye bajaji mbele ya nyumba yangu Mtendeni, mtoto kamlalia begani, begi la nguo mkononi.

"Dada," aliniambia hata kabla ya kuketi, "naomba ukae naye mpaka nitakapojipanga."

Nikamjibu kwamba mtoto huyu ni wangu pia, haombi. Nilisema kweli, ila nilikuwa naogopa. Nyumba yenyewe ni ya wazazi wetu, vyumba vitano vya watu waliokwisha kuondoka. Chumba cha mbele nimeweka cherehani, nashona sare za shule. Nilikuwa nimezoea kupitisha siku nzima bila kuongea na mtu ila mteja.

Jioni ya kwanza, baada ya kuswali isha, nilimlaza kitandani kwangu, nikajilaza kando. Akanitazama.

"Hadithi," alisema.

"Hadithi gani, mwanangu?"

"Ile ya mama."

Nilidhani anataka habari za mama yake, kumbe anataka hadithi ambayo mama yake alikuwa akimsimulia. Sikuijua. Mpaka leo siijui. Nilimwuliza ilikuwa na mnyama gani, akasema haina mnyama, ina mlango. Zaidi ya hapo hakuweza kueleza. Nikamsimulia habari ya fisi, kama tulivyosimuliwa sisi utotoni, fisi akameza watu na mbuzi mpaka tumbo likapasuka. Mtoto alilia hadi akatapika. Alfajiri godoro lilikuwa limelowa.

Nilijifunza kwa kukosea. Hadithi zile za kwetu tulizisikia tukiwa wakubwa kidogo, tumejazana mkekani, unaogopa huku umeshikana na mwenzako. Mtoto wa miaka minne aliyefiwa, amelala na mama mkubwa asiyemzoea, hana wa kushikana naye. Ikabidi nitunge zangu, wala sikuwa na kipaji hicho. Mchana nikiwa nakata kitambaa nilikuwa natafuta la kusema jioni, kama mtu anayewaza mboga ya kupika. Nikaona kwamba mnyama mmoja anatosha, wakiwa wawili anawachanganya. Nikaona kwamba kitu kikipotea lazima kipatikane kabla hajafumba macho. Tena nisimwulize swali mwishoni, maana swali linamwamsha. Nilizoea kushusha sauti kidogo kidogo, hata mwisho sijui kama nasema au napumua.

Iliyomfaa zaidi ilikuwa ya kipunda. Ukoo wetu uliingia Tabora na misafara, babu wa baba yangu akiwa mchukuzi wa mizigo, na baba alikuwa akitutajia vituo vya njia ile kama mtu anayetaja majina ya jamaa zake. Basi nikamtunga kipunda mdogo aliyefuata msafara kutoka Uvinza, mgongoni kabeba kimfuko cha chumvi kisichozidi ngumi ya mtoto. Kila akifika mtoni anakunywa maji, anatikisa masikio, anaendelea. Akaenda, akaenda, akaenda. Kufika mto wa tatu mtoto alikuwa keshalala.

Tatizo lilikuwa moja. Kila mnyama niliyemtaja, aliniuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Kuku, mama yake yuko wapi? Sungura, mama yake yuko wapi? Kwa kipunda nilijibu lililonijia mdomoni. "Mama yake ametangulia sokoni Tabora kutafuta chumvi."

"Atarudi?"

"Akipata chumvi atarudi."

Akaridhika, akalala. Nami nikaona nimepata jibu, nikalitumia karibu mwezi mzima.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nampima mteja mabega. Nilipogeuka, mlango wa uani uko wazi na ndala zake ndogo hazipo. Nilianza kwa kuita tu. Nikatazama chooni, nikatazama nyuma ya tenki la maji, nikagonga kwa majirani kulia na kushoto. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni mwangu. Mama mmoja muuza vitumbua akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwenye gauni la njano? Nimemwona anaelekea sokoni!"

Nilikimbia. Sijui niligonga watu wangapi. Nilimkuta upande wa nafaka, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mama mmoja wa Ulyankulu anayeuza maharage. Alikuwa anatafuna karanga, ametulia kabisa. Mkononi kashika kipande cha kitambaa cha sare, cha buluu, amekifunga fundo.

"Ni wako?" yule mama aliniuliza.

"Ni wangu."

"Anasema anamngoja mama yake. Nimemwambia akae hapa asije akapotea."

Nilifungua fundo. Ndani mlikuwa na chumvi, ile ya jikoni kwangu, kama vijiko viwili.

"Nimemletea," mtoto alisema. "Ili asitafute tena."

Nilichuchumaa pale pale kwenye maganda ya karanga. Yule mama akaniuliza polepole mama wa mtoto yuko wapi, nami nikajibu, "Alifariki." Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtoto. Tulikuwa tunasema amepumzika, amesafiri, yuko kwa Mungu, kila mtu na lake.

Yule mama aliacha kupima maharage. "Wanangu walipofiwa na baba yao niliwaambia yuko safari," alisema. "Mwaka mzima wakisikia pikipiki wanatoka mbio. Mwambie, mama. Mwambie leo, kabla hajala."

Akakataa tumshukuru. Akamjazia mtoto karanga kwenye kimfuko, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Nilimweka mkekani sebuleni. Nikamwambia mama yake alikufa, kwamba mwili wake umezikwa Usinge, na kwamba harudi, si kwa kuwa hataki, ila aliyekufa hawezi kurudi. Alisikiliza huku anachezea kidole changu cha mguu.

"Hata akipata chumvi?"

"Hata akipata chumvi, mama."

Akalia. Si kile kilio cha fisi. Hiki kilikuwa cha chini chini na kirefu, nami nikalia naye, kwa kuwa kule Usinge sikuwa nimelia. Nilikuwa nimepokea wageni na kuosha masufuria. Halafu akasema ana njaa. Nikasonga ugali, tukala na maharage.

Jioni ile nilianza, "Palikuwa na kipunda..." Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Niambie mama alipokuwa mdogo."

Ndipo nilipoanza kuzisimulia. Mama yako alizaliwa chumba kile pale. Mama yako aliwapa kuku wali wote wa Idi, bibi akakuta sinia tupu na kuku wanapangusa midomo. Mama yako alikuwa anaogopa vyura, masika yakianza hataki kwenda uani mpaka nimbebe mgongoni. Siku moja alijificha kabatini akapitiwa na usingizi, tukamtafuta mtaa mzima. Zote nilizimalizia mahali pamoja: akajifunika shuka, akalala. Mtoto alikuwa akisikia hapo anajifunika na yeye.

Hakuna aliyejua zilinigharimu nini. Nikishamlaza nilikuwa nabaki macho, nimemrudisha mdogo wangu nyumbani, akiwa na miaka mitano, kisha sina wa kumwambia, unakumbuka? Wazazi hawapo. Majirani wa zamani wamehama au wamekufa. Mtu pekee aliyekuwa na kumbukumbu zile pamoja nami ndiye niliyekuwa nikisimulia habari zake.

Zilikwisha upesi pia. Nilikuwa nimemzidi miaka minane, na alipofika kumi mimi nikaolewa Kigoma. Nilichokuwa nacho ni miaka michache tu, na mtoto anataka hadithi kila siku ya Mungu. Mwezi wa tatu au wa nne nikabakiwa na vipande visivyotosha hadithi. Jioni moja, nimechoka, nikasema mama yako alilala kwenye gunia la pamba stesheni, wapagazi wakataka kumpakia kwenye behewa. Haikutokea. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nami nilijisikia kama mtu aliyechovya kidole kwenye asali ya jirani. Kesho yake nikatunga nyingine.

Tuliishi hivyo miaka miwili. Shemeji alikuwa akija kila alipopata nafasi. Kisha akaacha kazi ya misitu, akahamia Igunga kulima mpunga na kaka yake, akaoa. Mtoto alipotimiza umri wa darasa la kwanza walikuja kumchukua. Mkewe alikuja mwenyewe, akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nilitaka awe mtu mbaya. Nilimchunguza siku mbili nzima, anavyokula, anavyomwogesha mtoto, anavyomsuka. Aliniuliza mtoto anapenda kulala upande gani. Akaniuliza na hadithi: "Anasema wewe unazo za mama yake. Mimi sitaweza hizo. Ungependa tufanyeje?" Tukakubaliana nitume kwa simu, kwa sauti, naye atamwekea asikilize.

Basi lao liliondoka asubuhi. Nilirudi nikashona suruali kumi na moja siku ile bila kuinua kichwa. Jioni, baada ya isha, nilijikuta natembeza cherehani polepole ili isipige kelele, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuamka.

Nilituma hadithi. Kusimulia kwenye simu ni kazi ngumu. Huoni macho yanapoanza kuzama, hujui ushushe sauti wapi. Mwanzoni alikuwa ananirudishia sauti yake, "Nimesikia, Mama Mkubwa, tuma ya kesho." Baadaye ikawa, "Ile ya jana nililala mapema, sijaisikia." Baadaye amezaliwa mdogo wake, nyumba ina kelele. Baadaye ameanza kujua kusoma. Hapakuwa na kosa la mtu. Jioni moja sikutuma, nikangoja nione kama ataulizia. Hakuulizia. Sikutuma tena.

Likizo ya mwaka juzi aliletwa kukaa kwangu wiki mbili. Alikuwa na miaka minane, mrefu, mapengo mbele. Siku ya pili, mchana, alinifuata kwenye cherehani na daftari.

"Mama Mkubwa, ile ya mama kulala kwenye gunia la pamba, ni kweli?"

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali.

"Kwa nini unauliza?"

"Baba amesema mama hakuwahi kumwambia hiyo. Na mama alikuwa anamwambia kila kitu."

"Siyo kweli," nikasema. "Niliitunga."

Hakuinua sauti. Alikaa chini, akafungua daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa. "Nitajie zote," alisema. Nikazitaja. Kuku na wali wa Idi, kweli. Vyura, kweli. Gunia la pamba, akaandika upande wa pili. Tulikaa pale mpaka alasiri. Zilifika thelathini na kitu. Na zilikuwamo saba ambazo sikujua aziandike upande gani. Nilikuwa nimezisimulia mara nyingi mno. Nikizitafuta nilizikuta na sura na harufu na sauti ya mdogo wangu, sawasawa na zile za kweli.

"Sijui," nilimwambia. "Wallahi sijui."

"Tumuulize nani?"

Nilipitisha majina kichwani, mama, baba, shangazi, yule bibi wa nyumba ya pili. "Hakuna wa kumuuliza," nikasema.

Akaziandika zile saba chini kabisa, peke yake. Kesho yake hakunisemesha wakati wa chai, wala mchana. Nilimpikia maandazi, akala bila kunitazama. Siku iliyofuata akaanza kuongea mambo mengine, ya shule, ya mdogo wake, na mimi sikuligusa lile jambo. Tulikuwa stendi, basi la Igunga limeshawasha injini, aliponishika mkono.

"Mama Mkubwa, usiongeze nyingine."

"Sitaongeza."

Sijaongeza. Jioni zangu sasa naswali, nakula kilichopo, nazima taa. Lakini mwezi uliopita, nikiwa namwosha samaki, nilikumbuka jambo: mdogo wangu alikuwa anashika kijiko kwa mkono wa kushoto, na mama alikuwa anamhamishia kulia, naye akigeuka tu anarudisha. Niliacha samaki pale pale nikapiga simu Igunga. Mke wa shemeji akapokea, akasema mtoto yuko shambani na baba yake, atanipigia. Nilingoja hadi jua likazama.

Alipopiga nilimweleza.

"Hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

"Subiri," akasema. Nikasikia ameweka simu chini, anaulizia kalamu, nikangoja.