Sauti Iliyoitika Korongoni

Wifi yangu Kanyana si mtu wa kutishika ovyo. Tulipokimbia milima ya kwetu, Minembwe, risasi zikilia nyuma yetu, ni yeye aliyenikemea niache kulia niangalie ninapokanyaga. Kwa hiyo aliposhuka basi hapa Buffalo, majira ya baridi ya mwaka 2016, akaingia nyumbani kwangu mtaa wa Black Rock na kuketi jikoni bila kuvua koti, nilijua kuna jambo.

Kanyana ni mke wa kaka yangu Mizero. Nasema ni, sisemi alikuwa. Siku ile ya kukimbia Mizero alirudi nyuma kuwafuata ng'ombe, na hatukumwona tena, wala hatukuuona mwili. Mtu wa kanisani akithubutu kumwita marehemu, namjia juu: marehemu wa nani, nionyeshe kaburi! Kanyana yeye alinyamaza. Hakukaa matanga, hakukubali kuposwa, na jina la mumewe halikutoka tena kinywani mwake. Hakujua kama ni mke au ni mjane, na hilo lilikuwa linamla taratibu.

Kule Louisville alikokuwa akiishi, mtaa wa Highview, kazi yake ilikuwa kumtunza mzee mmoja wa Bosnia aitwaye Reshad. Alimwogesha, akampikia, akamkumbusha dawa. Mzee akiita "Kanyana!" kutoka chumbani, yeye huitika kama tunavyoitika sisi watu wa milimani: "Karame!" Maana yake, uishi miaka mingi. Mzee alilipenda neno hilo, akawa anamwita bure tu ili alisikie.

Kiangazi cha 2015 mzee alitaka kuona kwao kabla hajafa. Kaka yake, Emin, alibaki kijijini wakati wa vita vyao, na yeye pia hakuonekana tena. Binti wa mzee, mtafiti wa chuo kikuu kule Columbus, alisema pale hakanyagi kamwe. Basi akaenda Kanyana.

Usidhani walikwenda kwenye madaraja ya kupigia picha. Hayo mzee alisema waachiwe watalii. Dereva aliwapeleka nyuma ya milima, mahali ambapo hata wenyeji hukuuliza unafuata nini. Walipita uwanda wa makaburi ya kale, mawe makubwa kama makabati yaliyolala, na kwenye jiwe moja amechongwa mtu aliyeinua kiganja kikubwa kuliko kichwa chake. Kanyana alikwepesha macho. Wakapita ngome iliyobaki ukuta mmoja, mbuzi wamelala kivulini. Kisha barabara ikaingia korongoni, magenge pande zote mbili, mto unasikika lakini hauonekani. Kijiji cha mzee kilikuwa juu ya ukingo: nyumba bila mapaa, na msikiti uliobaki mnara. Kando ya njia kulikuwa na vibao vyekundu vyenye fuvu la kichwa, kwa sababu mabomu ya vita yalikuwa bado ardhini.

Mzee hakuweza kupanda. Alibaki garini.

"Nenda mpaka kwetu, nyumba yenye mti wa plamu," akamwambia. "Simama kizingitini umwite Emin kwa jina. Tangu vita hakuna aliyemwita pale. Sitaki adhani tulimsahau."

Kanyana alipanda peke yake. Plamu zilikuwa zimeanguka chini nyingi, zinaoza, nyigu wanazila. Ndani ya nyumba majani yalikuwa yameota hadi kwenye jiko la chuma. Anasema kimya cha pale alikijua, kilikuwa kimya cha kwetu siku nyumba zilipomaliza kuungua. Akafungua kinywa amwite Emin, na kilichotoka ni "Mizero!"

Kutoka korongoni ikaja sauti ya mwanamume: "Karame!"

Aliteremka mbio. Vibao vyekundu alivikumbuka alipokwisha kufika chini. Mzee alikuwa ameshusha kioo cha gari, machozi yanamtoka.

"Ni mimi," akasema. "Nilisikia unamwita mtu wako, sikutaka akose kuitika."

Kanyana alilia. Alimkasirikia na kumshukuru kwa wakati mmoja. Kisha mzee akamwomba apande tena: yeye atamwita Emin kutoka pale chini, na Kanyana aitike kwa niaba yake.

Akapanda, akasimama kizingitini. Mzee akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Emiiin!" Kanyana akavuta pumzi. Kabla hajafungua kinywa, mtu aliitika nyuma yake, ndani ya nyumba. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mwanamume mwenye kazi mkononi, na neno alilolisema, Kanyana hakulijua. Hakugeuka. Aliteremka polepole, kama unavyopita mbele ya ng'ombe mkali.

"Asante, binti yangu," mzee akamwambia, akimshika mikono. "Kumbe hata lugha yetu umejifunza!"

Kanyana akasema si kitu, Mzee.

Mzee alifariki baridi ilipoanza, ametulia, na hadi mwisho aliwasimulia wageni jinsi Kanyana alivyoitika. Baada ya mazishi Kanyana akapanda basi, akapitia Columbus kumpelekea binti kofia ya baba yake, akaja moja kwa moja kwangu.

"Haikukuwa mie, wifi," akaniambia. "Sikufungula hata kinywa."

"Ni upepo, Kanyana! Nyumba haina paa!"

"Bon, sikiya. Mzee alinishukuru juu ya sauti yenye haikukuwa yangu, na mie nikakubali, juu ya kumuhurumia. Donc, na yeye labda alinifanyia vile vile."

Nilipoelewa anakotaka kunipeleka, kwamba aliyeitika korongoni hakuwa mzee, nilipandwa na hasira. Nikapiga meza. "Mzee alilijua lile neno! Si alijifunza kwako?"

"Mzee anasemaka mufupi, vile nasemaka mie."

"Na ile ya korongoni ilikuwaje?"

Kanyana akalisema. Alianza chini, akalivuta, mwishoni akaliinua kwa kicheko kidogo, hivyo hivyo kama Mizero alivyomwitikia mama akiitwa kukamua naye hataki kuamka. Hakuna Mbosnia yeyote angeweza kulisema vile.

"Aliniambia niishi, wifi," Kanyana akasema.

Nilimvua koti, nikampa chai, akanywa.

Jumapili, mchungaji alipouliza nani amefiwa, nilisimama mimi. Kanyana akasimama kando yangu.